Ukiombwa maoni ya picha, usiishie "iko poa"

Haipiti wiki bila mtu kunirushia picha kwenye simu: "Kaka, naomba maoni." Wengi ndio kwanza wanaanza, na huko kwingine wanakouliza wanapata majibu ya aina mbili. Ama "moto sana!", ama anatokea mjuzi mmoja anawashukia kama mkaguzi: mwanga umezidi, fremu mbovu, bahari imeinama, lenzi hiyo tupa. Wa kwanza hajasaidia kitu. Wa pili huenda kasema kweli tupu, ila aliyeuliza hajui aanzie wapi.

Mimi naanza na swali: hapa ulitaka tuone nini? Kijana mmoja alinitumia picha ya babu yake siku ya Idi, kasimama uani saa sita mchana, kanzu nyeupe pee, uso giza hata macho hayaonekani. Kumwambia "picha ina giza" ni kumwambia analoliona mwenyewe. Asilolijua ni sababu. Kamera haimjui babu. Ikiona weupe umejaa kwenye fremu inadhani mwanga ni mwingi mno, inaupunguza, na uso ndio unaoumia. Nilipouliza, akasema shida yake ilikuwa tabasamu la babu, kanzu baadaye. Basi kazi ikawa nyepesi: gusa uso kwenye skrini, kisha ongeza mwanga kidogo. Kanzu itapoteza mikunjo yake, hewala. Bora zaidi, mhamishie babu barazani kwenye kivuli, uso uelekee nje. Jua letu la mchana liko utosini, linamchimbia mtu mashimo machoni awe mzee au mtoto. Angekuwa anataka darizi za kanzu zionekane, ningemwambia apunguze mwanga.

Kabla ya kusema picha haina ukali, muulize ameitumaje. Programu za ujumbe hubana picha, kwa hiyo mwambie aitume kama dokumenti. Ikija na bado ina ukungu, iangalie vizuri. Kila kitu kimevutika upande mmoja? Mkono ulitikisika. Ukuta umetulia ila mtu kafutika? Mtu alikuwa anatembea na shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ilikuwa ya polepole; ajaribu 1/250 ya sekunde au kasi zaidi ya hapo. Ukuta wa nyuma uko wazi na uso ndio wenye ukungu? Fokasi ilikwenda kwingine. Neno "haina ukali" linayafunika yote matatu, na dawa ya kila moja ni tofauti.

Nikisifia, nasifia kitu: "umesubiri mpaka tanga likajaa upepo, vizuri." Kisha namtajia jambo moja la kurekebisha sasa hivi, kama kunyoosha upeo wa bahari, na moja la kujaribu safari ijayo. Mengine nayaacha hata kama yananiwasha.

Sura ya aliyepigwa picha haituhusu kabisa. Huyo ni mama wa mtu. Wala usiichukue picha ya mwenzio ukaihariri na kumrudishia bila kumuomba. Wapo wanaoshukuru, wapo wanaoona umewavua nguo.

Na akikujibu kwamba bahari aliiinamisha kwa makusudi, muulize alitaka nini kwa kufanya hivyo. Akiwa na jibu, mwachie bahari yake.