Wasomaji Wanauliza: Fedha za Shirika la Hisani la Mkoa Hugawiwaje?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mhazini wa asasi ndogo inayowahudumia wazee wagonjwa majumbani. Mwaka huu tuliomba ruzuku kwa shirika la hisani la mkoa wetu, tukapewa chini ya nusu ya tulichoomba, na kifungu cha mshahara wa mhasibu kikafutwa chote. Taarifa yao ya mwaka inaonyesha kuwa wana akiba kubwa mno. Kwa nini wenye fedha nyingi hivyo watoe kidogo, tena wakate kile tulichokihitaji zaidi?

JIBU: Ndugu Mhazini, uchungu wako naufahamu, kwa sababu nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya ugawaji na nimeona kalamu ikipita juu ya vifungu kama hicho chako.

Akiba uliyoiona kwenye taarifa, kwa sehemu kubwa, huwa ni mfuko wa kudumu. Mtaji wake hauguswi. Huwekezwa, na kinachogawiwa kila mwaka ni sehemu ndogo tu, mara nyingi asilimia 4 au 5, ili mfuko uendelee kuwapo baada ya wadhamini wa leo kuondoka. Mfuko wa milioni 100 ukigawa asilimia 4, waombaji wote kwa pamoja wanagombea milioni 4. Na hata hizo si zote zilizo huru, kwa maana mtu aliyeacha wosia kwamba fedha zake zisomeshe yatima hakuwaachia wadhamini ruhusa ya kuzipeleka kwa wazee.

Tatizo hilo la masharti ni la zamani. Mwaka 1914, huko Cleveland, Marekani, Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki, alianzisha mfuko wa kwanza wa jamii wa aina hii baada ya kuona jinsi fedha za marehemu zinavyoweza kubaki zimefungwa kwa kusudi lililokwisha kupitwa na wakati. Aliweka utaratibu wa kuwa na kamati yenye mamlaka ya kuzielekeza upya. Yapo pia mashirika yasiyotegemea mtaji bali kampeni ya kila mwaka, ambapo wafanyakazi hukubali kukatwa kiasi fulani kwenye mishahara yao. Chimbuko la mtindo wa kuchangisha kwa pamoja na kuzigawia asasi nyingi hutajwa kuwa ni mji wa Denver, Marekani, mwaka 1887. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ajira zikipungua, michango hushuka wakati uleule ambao wenye shida wanaongezeka.

Sasa nije kwa mhasibu wako, na hapa sitawatetea waliokata. Mhudumu wenu anapomtembelea mzee, bila shaka anaandika kwenye daftari saa aliyofika, dawa zilizomezwa na hali ya kidonda, kisha mtu wa nyumbani anatia saini. Madaftari hayo na stakabadhi za nauli hazijigeuzi zenyewe kuwa taarifa ya robo mwaka. Shirika linalodai taarifa hiyo pamoja na hesabu zilizokaguliwa, kisha likakataa kumlipa anayeziandaa, linajikwamisha lenyewe, na wazee ndio wanaoumia pale asasi inapokosa awamu ya pili ya fedha kwa sababu tu taarifa ilichelewa.

Kabla ya kutia saini mkataba, mwombe ofisa wa ruzuku kikao na umweleze hivyo bila kuona haya. Uliza fedha mlizopewa zinatoka mfuko gani, na kama upo mwingine usiofungwa na mradi maalumu. Ukilazimika kubaki na mfuko huohuo, usiandike mshahara wa mhasibu kama kifungu cha peke yake chini ya utawala. Onyesha saa anazotumia kwa ajili ya huduma hii na uziingize katika gharama za huduma yenyewe, ilimradi saa hizo ni za kweli na zina kumbukumbu.

SWALI: Kikundi chetu cha kuwasaidia watoto wenye ulemavu bado hakijasajiliwa. Je, tunaweza kupata ruzuku?

JIBU: Kwa kawaida si moja kwa moja. Mashirika mengi, hata hivyo, hukubali asasi iliyosajiliwa iwe mlezi wenu: itie saini mkataba, ipokee fedha kwa niaba yenu na kubakiza asilimia fulani kwa kazi hiyo. Andikianeni makubaliano kabla fedha hazijaingia, yakitaja asilimia hiyo, muda wa kuwafikishia fedha, na nani atabaki na vifaa, kama vile viti vya magurudumu, siku mtakapopata cheti chenu wenyewe.