"I am boring": umejitukana mwenyewe

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha pili. Kwenye insha niliandika "I was boring at the wedding". Mwalimu wetu wa Kiingereza alipigia mstari mwekundu, akachora na kikatuni kinacheka. Kosa liko wapi? Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Sentensi yako haina kosa lolote la sarufi, ndiyo maana mwalimu alicheka badala ya kuifuta. Tatizo ni kwamba haisemi ulichokusudia. Umesema wewe ndiye uliyewachosha watu pale harusini; pengine ulishika maikrofoni ukagoma kuiachia. Ulitaka kusema hukuona raha, basi ungeandika "I was bored". Harusi ndiyo "boring".

Wala usiione tofauti hii ni ya Wazungu peke yao. Unaitumia tangu utotoni. Kazi inachosha, mimi nimechoka. Habari inashangaza, mimi nimeshangaa. Maelezo yanachanganya, mimi nimechanganyikiwa. Hata neno lenyewe "bore" tulipolichukua na kulivisha kanzu yetu, tulilipitisha njia ileile: mechi inaboa, mimi nimeboeka. Sijawahi kusikia kijana akisema "leo naboa" akimaanisha amekosa cha kufanya. Sasa kile kinachochosha, kinachoshangaza au kinachochanganya, Kiingereza hukipa -ing: tiring, surprising, confusing. Aliyechoka, aliyeshangaa, aliyechanganyikiwa, anapewa -ed: tired, surprised, confused.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, iseme kwanza kwa Kiswahili. Ila usikariri miisho ya vitenzi vyetu ukadhani kila penye -sha au -za ndipo pana -ing. Filamu "inavutia" haina -sha wala -za, na bado ni "interesting". Jiulize tu hisia imetoka wapi na imemwingia nani.

Mwalimu, mimi ni fundi friji, najisomea Kiingereza kwenye simu. Nilifundishwa kuwa -me- ni "have". Nimekula, "I have eaten". Mbona nikisema "I have tired" naambiwa nimekosea? Fundi, Temeke

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, maana limegusa mzizi wenyewe. Hiyo -me- yetu ina kazi mbili. Kwenye "nimekula" inaeleza tendo lililokwisha. Kwenye "nimechoka", "nimeshiba", "nimekasirika", inaeleza hali uliyonayo sasa hivi. Kiswahili kinatumia chombo kimoja kwa kazi zote mbili. Kiingereza, pakiwa na hali, huenda kuchukua "am", "is" au "are": I am tired, I am full, I am angry.

Chukua mfano wa kazini kwako. Mteja anapiga simu: "Fundi, friji yangu imeharibika." Hakusimulii historia ya friji, anakueleza ilivyo saa hii huku maziwa yanachacha. Kwa Kiingereza: "My fridge is broken." Na wewe uliyezunguka juani tangu asubuhi: "I am tired." Ni muundo uleule, friji na fundi wote wamo ndani yake.

Nafanya kazi mapokezi hotelini. Mgeni alilalamika maji ya moto hayatoki, nikamwandikia ujumbe "We are very disappointing". Alijibu kwa alama ya kucheka. Nilipaswa kuandika nini? Dada wa mapokezi, Zanzibar

Pole, dada. Umemwandikia kwamba hoteli yenu inavunja watu moyo, na kwa siku ile huenda alikubaliana nawe moja kwa moja.

Lakini hata ungerekebisha ukaweka "We are disappointed", nisingekupa alama zote. Sarufi ingenyooka, adabu ingepinda: aliyekosa maji ni yeye, halafu nyinyi ndio mnaosononeka! Hapo omba radhi tu: "We are sorry about the hot water." Ukitaka kugusa hisia zake, ongeza "It must have been frustrating", yaani lazima ilikukera. Halafu mwambie fundi anakuja saa ngapi, na tafadhali kumbuka saa kumi na mbili ya fundi ni "six" ya mgeni.

Sasa Mwalimu. Jioni moja bosi aliuliza mbona niko kimya, nikamwambia "I'm tired of work". Akaniuliza kama nataka kuacha kazi. Kwani nilisema nini? Karani, Nairobi

Ulimwambia umeichoka kazi. Ulitaka kumwambia kazi ya siku hiyo imekuchosha, nayo ni "tired from work". "From" inaonyesha uchovu umetoka wapi, na usingizi unaumaliza. "Of" ni kukinai.

Hapa ndipo Kiswahili kinatuponza, kwa sababu "na" yetu inabeba mizigo yote: nimevutiwa na, nimeshangazwa na, nimechoshwa na. Kiingereza kila neno lina mwenzake: interested in, excited about, worried about, surprised at au by. "Bored" huenda na "with". "Bored of" utaisikia sana, ila kwenye mtihani baki na "with". Kanuni sina ya kukupa. Kariri maneno mawili mawili, kama yaliyooana.

Na nyinyi wa Nairobi mna jambo moja la ajabu. Mkichanganya lugha mnasema "niko bored" bila kukosea hata siku moja. Ikifika barua ya kuomba kazi ndipo mnaandika "I am interesting in this position".

Mwanangu kaandika "My uncle is boring", kisha "he had a tired face". Mtu anaweza kuwa boring? Na uso unachoka? Mzazi, Mombasa

Zote mbili sahihi. Mjomba anayesimulia kisa kimoja kila Idi ni boring kweli, ila hilo daftari lisimfikie. Uso nao ni "tired" kwa kuwa unaonyesha uchovu wa mwenyewe, kama "a worried look" au "a surprised voice".

Je, kinachotisha ni "scaring"? Msomaji, Mwanza

Hapana, sema "scary". Si kila neno lina jozi kamili. Vilevile stressed na stressful, impressed na impressive.

Mimi huongoza watalii. Wageni hawanielewi nikisema "shokedi" na "boredi". Dereva, Karatu

Ulimi wetu haupendi neno linaloishia na konsonanti, huliongezea irabu ili lipumzike. Hiyo -ed husikika kama silabi kamili pale tu inapotanguliwa na sauti ya t au d: excited, disappointed, offended. Kwingine haiongezi silabi. "Bored" ni pigo moja, d ikiguswa tu mwishoni. "Shocked" nayo ni pigo moja, na sauti ya mwisho ni t, ingawa imeandikwa d. "Embarrassed" vilevile huishia na t. Ila usiikate kabisa ukabaki na "I am shock". Jirekodi kwenye simu ukiwa unasubiri wageni getini, kisha ujisikilize.