Kabla hujamchangia mwanaharakati wa wanyama, muulize mnyama anapata nini

Kila picha ya mnyama anayeteswa inaposambaa, nafuatwa na swali lile lile. Watu wanajua nimo katika shughuli hizi, basi wananiandikia: roho inaniuma kwa wanyama, lakini hawa wanaharakati siwaelewi, leo wamevunja maabara, kesho wamelala barabarani wamejipaka rangi nyekundu, niwaunge mkono au niachane nao?

Nimejitolea kwa miaka mingi katika vikundi vya kutetea wanyama. Nimebeba mabango, nimekusanya michango, na nimefanya kazi iliyonichosha kuliko zote, ya kupitia video zilizopigwa kwa siri ndani ya mabanda kabla hazijatolewa hadharani. Msimamo wangu ni huu: waunge mkono, lakini kwa jambo moja moja. Mtu kuwapenda wanyama hakumpi hati ya kutetewa kwa kila atakalofanya. Kila mbinu ipimwe peke yake: mnyama anapata nini, nani anaumia, na aliyeifanya yuko tayari kusimama mbele ya watu na kusema ni yeye?

Wanaosema wanaharakati wanatia chumvi, wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya video hizo mpaka mwisho. Naikumbuka moja ya nguruwe jike mwenye mimba. Kizimba chake cha chuma kilikuwa na upana wa kama sentimita 60 na urefu wa mita 2, kipimo cha kawaida kabisa katika ufugaji wa aina hiyo. Anaweza kusimama na kulala, lakini hawezi kugeuka. Alikuwa akiuma nondo ya mbele, anaiachia, anaiuma tena, pale pale ambapo chuma kilikuwa kimeshang'aa kwa meno na mate. Hakuna aliyempiga. Mfanyakazi alipita, akammwagia chakula, akaenda zake. Sheria yoyote haikuvunjwa katika video ile, na ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko zote zenye damu. Mateso mengi ya wanyama yako hivyo: ni halali, yanatendeka ndani ya majengo yasiyo na madirisha, na anayeteseka hawezi kwenda kushtaki. Asipoingia mtu na kutoka na ushahidi, sisi wengine hatujui kitu.

Kwa hiyo kamera ya siri naiunga mkono waziwazi, ingawa wapo wanaoiita udanganyifu kwa sababu mpelelezi huomba kazi bila kusema nia yake. Chukua lililotokea California. Mpelelezi wa shirika la Humane Society of the United States alifanya kazi katika machinjio ya Hallmark/Westland, akapiga picha za ng'ombe wasioweza kusimama wakisukumwa kwa foklifti ili wafike mahali pa kuchinjiwa. Video ilitoka Januari 2008. Mwezi uliofuata nyama ya takriban kilo milioni 65 ikaamriwa irudishwe, kiasi ambacho Marekani haikuwahi kukiona, na sehemu yake ilikuwa imeshapelekwa kwenye mpango wa chakula cha shuleni. Mpelelezi hakuvunja mlango wala kumtisha mtu. Alionyesha kilichokuwepo, na ng'ombe na watoto wa shule wote wakafaidika.

Wenye mashamba walijibu kwa kuomba sheria za kuzuia kamera. Majimbo ya Marekani ya Iowa na Utah yalipitisha zao mwaka 2012. Mahakama za shirikisho zikaifuta ya Utah mwaka 2017 na ile ya Iowa mwaka 2019, kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Kuchangia mawakili wa kesi za namna hiyo ni moja ya matumizi bora ya pesa yako, japo hakuna picha ya mnyama wa kuvutia utakayotumiwa kama shukrani.

Sharti langu ni kwamba video iwe ya kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakati mmoja tulipokuwa tukihariri, mwenzetu alitaka kuchukua sauti ya nguruwe aliyekuwa akilia kwenye banda moja aiweke juu ya picha ya banda jingine lililokuwa kimya. Hoja yake ilikuwa kwamba vyote ni vya kweli. Nilikataa, tukabishana hadi usiku, na sauti haikuwekwa. Njia ya mwongo ni fupi, na anayekuja kuilipia gharama hiyo ni nguruwe wa banda lijalo, ambaye hakuna atakayeiamini video yake.

Upo mfano mmoja ambao hauingii vizuri kwenye kipimo changu, na sitaki kuukwepa. Mwaka 1984 watu wa Animal Liberation Front, kundi la siri la kutoa wanyama vizimbani kwa nguvu, walivunja maabara ya majeraha ya kichwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakaharibu vifaa na kuondoka na kanda za kama saa 60 ambazo watafiti wenyewe walikuwa wamezirekodi. Ndani yake watafiti wanasikika wakiwacheka nyani waliokwisha kuumizwa ubongo. PETA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, likazikata kuwa filamu isiyofika nusu saa, na mwaka 1985 serikali ikasimamisha fedha za maabara ile. Je, wale nyani wangepata nafuu bila wizi huo? Siamini. Hata hivyo nikiitazama kesi hiyo kwa makini naona kilichofanya kazi ni zile kanda, maneno ya watafiti kwa vinywa vyao. Vifaa vilivyovunjwa havikumsaidia nyani hata mmoja, viliwapa tu wapinzani jambo la kulizungumzia. Mimi sichangii uvunjaji. Lakini anayesema hakuna lolote jema lililowahi kutoka humo hasemi kweli.

Vitisho kwa watu ni jambo jingine kabisa, na hapo sina la kujadili. Katika kikao kimoja karatasi ilizungushwa mezani ikiwa na anwani na picha ya nyumba ya mfanyakazi wa maabara, kijana wa kuosha vizimba, mtu wa mshahara mdogo asiyeamua chochote. Mlangoni palionekana baiskeli ya mtoto. Wazo lilikuwa kuichapisha anwani hiyo "ili naye aonje". Nilisema karatasi ile ikitoka nje ya chumba, nami natoka, na wachangiaji nitawaeleza kwa nini. Haikutoka. Wawili waliacha kunisalimia, na mpaka leo sijutii.

Uingereza ilishaonyesha njia ile inaishia wapi. Katika kampeni dhidi ya shamba moja la Staffordshire lililofuga simbilisi wa kuuzia maabara, mwaka 2004 lilifukuliwa kaburi la mwanamke mzee, ndugu wa familia ya wenye shamba, na mabaki yake yakaibwa. Mwaka uliofuata wenye shamba wakatangaza kufunga. Nimesikia wenzangu wakiuita huo ushindi. Watu wanne walifungwa mwaka 2006, watatu kati yao miaka 12 kila mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 2005, bunge lilikuwa limeshatunga makosa mapya ya jinai ili kuwalinda wenye kampuni za majaribio ya wanyama, na Marekani ikafuata mwaka 2006 kwa sheria yenye neno ugaidi kwenye jina lake. Huntingdon Life Sciences, kampuni ya kufanya majaribio kwa wanyama iliyoandamwa tangu 1999 kwa barua za vitisho na hujuma, haikufa. Mwaka 2015 iliungana na nyingine na kuitwa Envigo. Ukiondoa uchungu wa ile familia, ambao peke yake ungetosha kunifanya nikatae, bado sioni mnyama alipata nini.

Wakati mwingine mnyama ndiye anayeumia moja kwa moja. Mwaka 1998 minki wapatao 6,000, wanyama wadogo wakali wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, walifunguliwa kutoka shamba la Hampshire. Minki wa Kimarekani si wa misitu ya Uingereza. Waliingia kuua ndege na kuku wa watu, nao wakapigwa risasi na kunaswa kwa mitego. Kufungua kizimba bila kujua mnyama atalala wapi, atakula nini na atamla nani, kwangu mimi si utetezi.

Wapo wanaochukua wanyama wagonjwa nyuso wazi, huku wakijirekodi, kisha wanasubiri mahakama. Kundi la Direct Action Everywhere lilichukua vitoto viwili vya nguruwe Utah mwaka 2017; mwaka 2022 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likawaachia huru walioshtakiwa. Mwaka uliofuata kiongozi wao akapatikana na hatia California kwa matukio mengine. Hawa nawaheshimu. Sitamshauri kijana mwenye familia ya kulea ajiingize, lakini ukiwachangia dhamana au wakili sitakuona mpotovu, kwa sababu gharama wanaibeba wao wenyewe.

Kuhusu matangazo ya kushtua sina mengi. Mwaka 2003 PETA walifananisha ufugaji na mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Mahakama za Ujerumani ziliyazuia mabango hayo, na mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona hazikukosea. Kuwaumiza manusura na watoto wao ili kumwonea huruma kuku ni jambo ninalolikataa. Lakini ni PETA hao hao ambao mwaka 1981 mwanzilishi wao mmoja alijitolea kufanya kazi katika maabara ya Silver Spring, Maryland, akapiga picha za kima 17 waliokuwa wakiishi kwenye uchafu wakijitafuna vidole, kisha akawapelekea polisi ushahidi. Kesi hiyo ilichangia sheria ya ustawi wa wanyama kuimarishwa mwaka 1985. Unaona kwa nini nasema jambo moja moja?

Nikiombwa mfano wa kufuatwa, namtaja Henry Spira, baharia wa zamani aliyekuwa mwalimu wa sekondari New York. Mwaka 1976 alianza na paka waliokuwa wakikatwa mishipa na kuharibiwa ubongo katika American Museum of Natural History ili kuchunguzwa tabia zao za kujamiiana. Aliomba nyaraka kwa mujibu wa sheria, akazisoma, kisha akasimama nje ya jumba na wenzake wikendi baada ya wikendi. Mwaka uliofuata majaribio yakakoma. Baadaye akaligeukia jaribio la Draize, ambapo kemikali hudondoshewa kwenye jicho la sungura aliyebanwa shingo asiweze kujipangusa. Alianza kwa kuzungumza na kampuni ya vipodozi ya Revlon kwa muda mrefu. Walipomzungusha, Aprili 1980 likatoka tangazo la ukurasa mzima katika New York Times likiuliza Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta vipimo mbadala.

Ninachokipenda kwa Spira ni kwamba alimpa mpinzani mlango wa kutokea. Hakuitaka Revlon itubu hadharani, aliitaka ilipie utafiti, jambo lililowezekana na ambalo kampuni ingeweza hata kujivunia. Makampuni mengine ya vipodozi yakaanza kuchangia pia, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Ni safari ya zaidi ya miaka 30, lakini hakuna kaburi lililofukuliwa njiani.

Dawa za binadamu ni ngumu zaidi. Sitakudanganya kwamba wanyama hawakuchangia chochote katika tiba. Chanjo na insulini zina historia yao humo. Ninachounga mkono ni kile walichokipendekeza wanasayansi wawili wa Uingereza, Russell na Burch, mwaka 1959: badala ya mnyama tumia kitu kingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliondoa katika sheria sharti la kila dawa mpya kujaribiwa kwa wanyama kwanza. Watafiti wanaotengeneza vipimo vya seli za binadamu wanahitaji fedha kuliko wanaopiga kelele getini, na wachangiaji wengi hawajui hata kama wapo.

Basi unapoombwa mchango, omba kwanza taarifa ya mapato na matumizi. Uliza mara ya mwisho walibadilisha nini na kwa wanyama wa aina gani. Uliza kama kiongozi wao atakemea hadharani mtu wao akimtisha mfanyakazi; akianza kuzunguka, umeshapata jibu lako. Video ikikutoa machozi, tafuta kama shirika liko tayari kuwapa waandishi wa habari rekodi nzima isiyokatwa. Na ukishuhudia wewe mwenyewe mnyama akiteswa, rekodi bila kuzima, taja tarehe na mahali kwa sauti yako, usikate wala kuongeza muziki, ihifadhi faili halisi sehemu mbili, na uipeleke kwa polisi, ofisi ya mifugo au shirika la ustawi wa wanyama kabla hujaiweka mtandaoni.