Kona ya Fundi: Kushusha kompresheni ili ufunge turbo, hela ikiwa ndogo

SWALI: Fundi shikamoo. Nina injini ya petroli silinda nne, cc 1,800, kompresheni 10.5, kipenyo cha silinda milimita 80. Turbo nshapata na manifoldi nachomelea mwenyewe, ila hela inaelekea kuisha na kila mtu ananiambia lazima kompresheni ishuke hadi 9 ndo nifunge. Mmoja anasema niweke hedi gasketi mbili moja juu ya nyingine, mwingine anasema nipeleke pistoni zikachongwe juu. Kipi nafuu na hakitaniletea balaa?

JIBU: Marahaba. Shida ya njia za bei chee ni kwamba zinashusha namba kwenye karatasi afu zinakuachia injini inayogonga kirahisi kuliko mwanzo, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Piga hesabu kwanza. Kompresheni ni nafasi yote ya silinda pistoni ikiwa chini, gawa kwa nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu. Silinda yako moja ni cc 450, kwahiyo kwa 10.5 pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya kama cc 47.4, yaani 450 gawa kwa 9.5 (10.5 toa 1). Ukitaka 9 nafasi inatakiwa iwe cc 56.25, maana yake kila silinda unatafuta karibu cc 9 za ziada. Sasa kwa kipenyo chako, kila milimita moja ya unene wa gasketi inakupa cc 5 tu. Yaani uongeze milimita nzima, ambayo ni nyingi sana, na bado unaishia 9.6.

Na hiyo milimita umeitoa pabaya. Angalia hedi yako ikiwa imefunguliwa, utaona kuna sehemu bapa pembeni ya chemba inayotazamana na sehemu bapa ya pistoni. Pistoni ikiwa juu, pengo hapo kwenye injini nyingi za petroli linakuwa kama milimita 1 hivi, na halijawekwa kwa bahati mbaya: hewa na mafuta vinabanwa pale vinarushwa kwa kasi kuelekea kwenye plagi, mchanganyiko unavurugika, moto unakimbia na kumaliza kazi kabla ile hewa ya pembeni haijawaka yenyewe. Ukilifanya pengo kuwa milimita 2 ule mrusho unakufa, moto unajikokota, na kule pembeni unabaki mchanganyiko wenye joto kali umebanwa unasubiri kulipuka. Kuna watu wameshusha kompresheni hivi halafu wakalazimika kurudisha taimingi (muda wa plagi kupiga cheche) nyuma zaidi ya yule aliyeacha injini kama ilivyotoka kiwandani, sa hiyo faida iko wapi.

Gasketi mbili ndo usizitaje kabisa. Zile pete za chuma zinazozunguka silinda zimetengenezwa kukaa kati ya hedi na bloku, sio kukaliana zenyewe, turbo ikianza kusukuma zinaachia. Pia hedi ikipanda, kamshafti (ile shafti inayofungua vali) inachelewa kidogo kwa sababu belti au cheni ni ile ile.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza kwa kutoshusha kitu. 10.5 inavumilia turbo ya presha ndogo, tuseme bar 0.4, ilimradi hewa ipite kwenye intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) ya maana, utumie petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata kila siku (sio siku ya kutuni tu), injekta ziwe na uwezo wa kumwaga mafuta ya kutosha, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ituniwe na mtu anayepima mchanganyiko kwa sensa ya kwenye ekzosi, sio kwa kusikiliza mlio. Ile hela ya kufungua injini iende huko. Alafu kumbuka ukishusha kompresheni gari linakuwa zito kabla turbo haijaamka, na barabarani muda mwingi unaendesha hapo hapo.

Ukitaka presha kubwa kuliko hiyo basi ni pistoni, na hapo nafuu inapatikana kama injini yako ina ndugu yake wa turbo. Mfano Nissan SR20DE na SR20DET, zote kipenyo milimita 86 na stroki (mwendo wa pistoni) milimita 86, lakini kompresheni ya ile ya turbo ni 8.5. Pistoni za turbo zina bakuli katikati, nafasi inaongezeka pale huku pembeni pakibaki bapa, kwahiyo lile pengo halipotei. Za mtumba zinafaa ila pima kipenyo, pima pini, pima urefu kutoka pini hadi juu, ringi nunua mpya na uache mwanya mkubwa kidogo kuliko wa injini isiyo na turbo maana joto litazitanua.

Kabla ya kufunga hakikisha mwenyewe. Chukua bomba la sindano na kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga chenye tundu, paka grisi ukibandike juu ya chemba ya hedi vali na plagi zikiwepo, jaza mafuta mepesi ukihesabu, mililita moja ndo cc moja. Pengo lipime kwa vipande vya waya laini wa kulehemu juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha kranki kwa mkono, fungua, pima waya ulivyobondeka.

SWALI: Fundi na kuchonga pistoni je, mbona hujamjibu mwenzangu?

JIBU: Kwa sababu sipendi. Juu ya pistoni ya kawaida hapana nyama nyingi, na ukila hapo umepunguza ukuta unaobeba joto siku ile ile unayoongeza joto. Anayelazimisha akate moja mbovu katikati kwa msumeno apime unene, aone kama bado ana hamu.

SWALI: Dizeli yangu haina turbo, kompresheni 22. Nayo ishushwe?

JIBU: Dizeli inanyonya hewa tupu, mafuta yanakuja mwishoni, kwahiyo hicho kilipuko cha petroli hakipo. Ukishusha sana itakusumbua kuwaka asubuhi. Kinachoua dizeli iliyofungwa turbo ni mafuta mengi, weka geji ya joto la ekzosi kabla hujagusa skrubu ya kuongeza mafuta kwenye pampu.