Kwa mwalimu wa Kasulu aliyebakiza miaka 4 kustaafu

Mwalimu mwenzangu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Una miaka 56, unafundisha Kasulu, na kila unayemwomba ushauri anakuambia kiinua mgongo kikitoka ununue Hiace. Mimi nilistaafu Desemba 2021 baada ya miaka 34 ya kushika chaki, naishi Ujiji. Nakupa niliyoyapitia.

Umeuliza habari za pesa, nitazijibu, ila mimi pesa siyo iliyonitesa. Januari 2022 shule zilipofunguliwa, niliamka saa 11 alfajiri kama ilivyokuwa miaka yote. Nikawasha pasi ya mkaa, nikanyoosha shati, nikavaa, nikafunga viatu. Halafu nikakaa barazani. Watoto wa mtaani wakapita na sare mpya, "Shikamoo mwalimu," wakaenda zao. Saa 4 nilikuwa bado nipo pale pale. Mke wangu akatoka na beseni la vyombo, akanitazama, akarudi ndani bila kusema neno. Kiinua mgongo changu kilikuwa benki siku hiyo, na sikuwa na pa kwenda.

Miezi iliyofuata usingizi ulikata, presha ikapanda, nikawa mtu wa kufoka kwa jambo dogo. Mwisho mama watoto akaniambia, "Baba, nyumba hii mchana ina shughuli zake. Na wewe tafuta zako."

Kilichoninusuru ni kitu nilichokianza nikiwa bado kazini, tena bila kukitilia maanani sana. Mwaka 2019 nilinunua ekari 2 Simbo nikapanda michikichi 100 ya Tenera, ile chotara inayozalishwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa hapa Kigoma. Ukipanda mita 9 kwa 9, ekari moja inachukua miche 50 hivi. Michikichi ya wazee wetu mingi ni Dura, kokwa lake nene na nyama kiduchu. Tenera ganda lake jembamba, mafuta mengi, na inaanza kuzaa kwenye mwaka wa 3 hivi. Piga hesabu mwenyewe: ningesubiri kustaafu ndipo nipande, ningekaa barazani miaka 3 mingine nikingoja. Wewe muda huo bado unao. Kama siyo michikichi basi kahawa, migomba, nyuki, chochote ambacho ardhi yako inakubali na mwili wako wa miaka 65 utakiweza.

Nilivyoanza kwenda shamba kila siku, nikajuana na akina mama wanaokamua mawese pale jirani. Wananunua mikungu, wanachemsha chikichi kwenye pipa, wanakamua, halafu wanachemsha tena mpaka mafuta mekundu yapande juu, wayaengue. Mise, yaani kokwa za chikichi, wanazianika pembeni. Walikuwa wanagombana kila wiki juu ya nani kadaiwa nini. Siku moja mkubwa wao akanipa daftari lililolowa mafuta, akasema, "Mwalimu, tuandikie wewe." Tangu hapo kila Alhamisi nipo pale saa 2 asubuhi. Nikichelewa wananipigia simu. Mwalimu, huwezi kujua raha ya kupigiwa simu ukiulizwa uko wapi mpaka ukae miezi 6 bila kuulizwa na mtu. Presha yangu nayo imetulia.

Sasa pesa. Sisi tuliotangulia tulichukua nusu ya pensheni kwa mkupuo. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, cha Julai 2022 kilishusha mkupuo hadi asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa kundi letu lililokuwa likipata nusu. Chukua mshahara wa milioni 1 na utumishi wa miaka 30: mkupuo ni kama milioni 37, na pensheni ya kila mwezi kama 372,000. Sasa angalia matumizi yako ya leo, uone kama 372,000 inayabeba. Mwaka huu jaribu miezi 2 kuishi kwa kiasi hicho, kinachobaki weka. Utajua mapema pa kupunguza.

Hiace sikushauri. Rafiki yangu tuliyestaafu pamoja alinunua moja. Hajui injini, hakuwahi kufanya biashara ya abiria, akamwachia dereva. Hesabu ikaanza kuja pungufu, kisha ikawa gari halitoki gereji. Kaliuza kwa bei ya kutupa, na leo namkwepa kumuuliza habari zake kwa sababu najua zinamuuma. Miaka 60 siyo umri wa kujifunza biashara mpya kwa pesa yote uliyonayo.

Makaratasi anza leo. Jina langu la kati lilipishana herufi moja kati ya barua ya ajira na kitambulisho cha taifa, ofisi moja ikanizungusha miezi 4 kwa herufi hiyo. Tafuta barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupanda cheo, zilinganishe moja moja. Uliza pia kadi ya bima ya afya itaendeleaje.

Na mkae na mama watoto, mwulize anaionaje nyumba yenu ukiwemo kutwa nzima. Mimi sikumuuliza wangu.

Likizo ya Desemba ukishuka Kigoma, niandikie tupitie Simbo. Njoo Alhamisi, ila ujue saa 2 nitakuwa na daftari.