Wapolandi wa Tengeru: walitoroka au waliachiwa?

Ndugu, umeuliza kama Wapolandi waliozikwa Tengeru, Arusha, walitoroka kambi za Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti. Wengi wao waliachiwa. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwapakia kwenye mabehewa ya mizigo, familia nzima-nzima, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima. Kutoroka kwa miguu katika baridi ile, bila chakula wala hati, kulikuwa karibu sawa na kujiua. Mlango ulifunguka Hitler alipomshambulia Stalin: mkataba wa Poland na Wasovieti wa tarehe 30 Julai 1941 ukaleta msamaha, na Jenerali Władysław Anders wa Poland akaanza kuunda jeshi kutokana na wafungwa hao. Tena si wote walioambiwa kwamba wako huru! Waliosikia walisafiri kusini majuma mengi, wakizika njiani watoto waliokufa kwa magonjwa. Mwaka 1942 wakavuka bahari ya Caspian hadi Iran. Kutoka huko wanawake, watoto na wazee waliletwa Tengeru, na Masindi na Koja huko Uganda. Tengeru pekee ilipokea takriban 5,000. Makaburi yao yapo kwenye eneo la chuo cha mifugo, na yanatunzwa. Ukipita Arusha, nenda ukayaone.