Saratani ya mirija ya nyongo: swali la matundu liwe la mwisho

Ndugu wanaonipigia simu wakiwa na mgonjwa wa saratani ya mirija ya nyongo ndani ya ini huanza na swali moja: "Atapasuliwa kwa matundu?" Yaani kamera na vyombo virefu vipitishwe kwenye matundu madogo ya tumbo, bila kulifungua. Nawaelewa. Baba mdogo niliyemuuguza alipasuliwa hivyo, na kesho yake alikuwa anatembea wodini. Lakini mkikaa na daktari, yapo ya kutangulia.

Kwanza, ini litakalobaki linatosha? Ini huota tena, ila lenye afya lahitaji kubaki walau asilimia 20 hadi 30. Lililosinyaa kwa homa ya ini B au pombe, karibu 40. Je, uvimbe utatoka wote, kingo zikiwa safi, bila chembe za saratani? Saratani hii hukaa kimya. Macho hayawi ya njano mapema, hivyo mara nyingi hugundulika imeshakuwa kubwa. Ikiwa imegusa mishipa mikubwa na daktari akasema anafungua tumbo, msimshinikize.

Halafu tezi za limfu, vile vivimbe vidogo vya kinga ya mwili ambako saratani huweza kusambaa; karibu hakuna anayeziulizia. Ili hatua ya ugonjwa ijulikane vizuri, hupendekezwa zitolewe angalau 6 zikapimwe. Kuzifuata kwa vyombo virefu, pembeni ya mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, ni kazi ngumu, na kwenye upasuaji wa matundu hurukwa mara nyingi zaidi. Muulizeni bila haya: utazitoa? Maini mangapi umeshapasua hivi?

Na msidhani ni matundu matupu. Kipande cha ini hakipiti kwenye tundu la sentimita moja. Hutiwa mfukoni na kutolewa kwa mkato chini ya tumbo, kama wa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Cha ajabu, baba mdogo alilalamikia bega kuliko tumbo. Ni ile gesi wanayojazia tumboni wakati wa upasuaji.

Waambieni wazee mapema kwamba daktari anaweza kubadili na kufungua tumbo katikati ya kazi. Hufanya hivyo kwa usalama. Mgonjwa akirudi na mshono mrefu, watu wasianze kilio.

Tumbo likipona, kwa kawaida hufuata vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani, kwa miezi 6. Fedha zake zitengwe kabla ya upasuaji. Sisi tulirudi kuchangishana kwenye grupu la familia, na mchango wa pili mnaujua: watu husoma ujumbe, wakanyamaza.